Omega 3 za kapsuli: ipi ya kununua, na usome nini nyuma ya chupa

Juzi mama mdogo kanipigia simu yuko famasi, ananiambia mwanangu hapa kuna omega 3 za bei tofauti na zote zimeandikwa 1000 mg, si nichukue tu hii ya bei chini? Nikamwambia mama geuza chupa, nisomee yale maandishi madogo ya nyuma. Ya kwanza akasoma EPA 180, DHA 120, hizo ndo aina mbili za omega 3 zenyewe. Ya pili EPA 360, DHA 240. Kumbe zote ni 1000 mg lakini moja ina omega mara mbili ya mwenzake, na dada anayeuza alikuwa ashamwambia ziko sawa, zimetofautiana kampuni tu.

Ile 1000 ya mbele ni uzito wa mafuta yote yaliyomo kwenye kapsuli, sio uzito wa omega. Kinachokuhusu wewe ni EPA jumlisha DHA. Sasa fanya hesabu, tuseme chupa ya kawaida ni sh 30,000 ina kapsuli 100 zenye 300 mg kila moja, hapo umenunua gramu 30 za omega, yani gramu moja kwa sh 1,000. Ile iliyokolezwa tuseme ni sh 36,000 ina kapsuli 60 tu, lakini kila moja ina 600 mg, jumla gramu 36, bei ni ileile sh 1,000 kwa gramu! Chupa inaonekana ndogo na ghali kumbe hujapigwa, tena unameza kapsuli moja badala ya mbili. Hiyo hesabu fanya palepale dukani na simu yako, usione aibu.

Kwanini nyingine zimekolea na nyingine hazijakolea? Mafuta ya samaki yakitoka tu kwenye samaki wadogo kama wale anchovi wa Peru, omega iko kama theluthi hivi au pungufu, yaliyobaki ni mafuta ya kawaida tu. Ili kuyakoleza kiwanda kinayachanganya na ethanoli, mafuta yanaachana na gliserini inayoyashika pamoja na kugeuka kuwa kitu kinaitwa ethili esta, halafu yanachemshwa ndani ya mtambo ulionyonywa hewa ili yapande kwa joto dogo bila kuungua, yale mepesi yanatangulia kutoka, EPA na DHA ambazo ni ndefu na nzito zinabaki nyuma. Njia nyingine mi ndo inanifurahisha zaidi, wanatumia urea, ndio, urea ileile ya mbolea unayoijua. Urea ikipoa inaganda na kutengeneza fuwele zenye vijitundu vyembamba kama mrija, mafuta yaliyonyooka yanaingia humo na kunasa, lakini EPA na DHA zenyewe zimejikunja kunja kwa hiyo haziingii, zinabaki kwenye maji maji. Unachuja fuwele unatupa, kilichobaki ndo omega iliyokolea. Kazi hiyo yote ndo unayoilipia.

Kabla sijazipanga kwa namba kuanzia ninayoipendelea zaidi, jiulize unataka kwa ajili gani. Mtu mzima mwenye afya, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema 250 mg za EPA na DHA kwa siku zinatosha, hiyo kapsuli moja ya kawaida inavuka. Ila kama daktari kakukuta na trigliseraidi, yani mafuta ya kwenye damu, ziko juu sana hayo ni mambo mengine kabisa. Ile dawa ya omega 3 iliyopitishwa Marekani mwaka 2004 kwa kazi hiyo ina kama 840 mg kwa kapsuli na dozi ni nne kwa siku, sasa ukitaka kufika hapo kwa mafuta ya kawaida utameza kapsuli kumi na moja kila siku, nani ataweza? Na dozi kubwa usijipangie mwenyewe. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2018 wa watu zaidi ya 8,000, walikunywa gramu 4 za EPA iliyosafishwa, matatizo ya moyo yalipungua kwa robo lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo yakaongezeka. Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Muone daktari kwanza.

Haya, namba moja naipa iliyokolezwa halafu ikarudishwa kwenye gliserini, kwenye lebo tafuta herufi rTG. Utafiti wa Dyerberg na wenzake wa 2010 ulilinganisha jinsi mwili unavyozifyonza, mafuta ya asili wakayapa 100, rTG ikapata 124, ethili esta ikapata 73. Sharti langu ni moja, bei ya gramu isizidi mara moja na nusu ya ethili esta, ikizidi achana nayo.

Namba mbili ni hiyo ethili esta yenyewe, herufi EE, na mara nyingi kama chupa imeandika mafuta yamekolezwa bila kutaja aina basi ujue ni hii. Ni nzuri sana kwa pesa yake, tatizo ukiimeza na tumbo tupu nyingi inapotea, imeze na mlo wenye mafuta. Kuna watu wanatisha wenzao kwamba hii ni sumu kwa sababu inatoboa kikombe cha stairofomu. Nilijaribu nyumbani, nikapasua kapsuli kadhaa nikamimina, baada ya muda chini ya kikombe pakalainika pakaanza kuvuja, kweli kabisa. Lakini hiyo inakuonyesha tu kwamba ni ethili esta maana ina tabia ya kuyeyusha plastiki ya aina hiyo, haikuambii kama mafuta ni mazima au mabovu.

Namba tatu ya kawaida, ile 180 kwa 120. Kwa asiye na ugonjwa inatosha kabisa, usidharau.

Mafuta ya mwani nayaweka namba nne kwa sababu ya bei tu, ila kwa asiyekula samaki au mwenye aleji ndo namba moja yake, na huko kwenye mwani ndiko samaki wenyewe wanakoitoa omega.

Kodliva, yani mafuta ya ini la samaki, ni ya tano. Watoto wengi tumelishwa, na vitamini D yake ni nzuri, lakini usiiongeze dozi ukitafuta omega maana unajiongezea na vitamini A, na mjamzito aiache kabisa.

Ya mwisho krili, yani uduvi wa Antaktika. Rangi nyekundu nzuri, kapsuli ndogo, omega kidogo, bei juu.

Chochote utakachochagua, kata kapsuli moja unuse. Mi niliwahi kununua chupa duka moja ilikuwa imepangwa dirishani jua linaipiga, nilivyoipasua ikanuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, hayo yameshachacha, nikatupa chupa nzima. Viwanda vinavyojiheshimu vinakubali TOTOX isizidi 26, hicho ndo kipimo cha kuchacha, na chupa yenye alama ya IFOS, mpango wa kupima ubora wa mafuta ya samaki, unaweza kuingiza namba ya bechi mtandaoni ukaona majibu yake. Kapsuli zenye ladha kali ya limau zikague zaidi, limau linaficha harufu.

Na ukiwa na vibua au dagaa wabichi karibu, mara mbili kwa wiki, mchuzi sio kukaanga sana, hapo kapsuli unaweza usinunue kabisa.

Mama mdogo alichukua ile ya 360 kwa 240. Nikamwambia ameze mchana na wali wa nazi, sio asubuhi na chai kavu.