Rangi za Tisheti Chupa 12: Rangi Safi, Kidomo Kero

Mambo vipi watazamaji, karibuni tena. Mezani leo kuna hili boksi la rangi za kitambaa, chupa 12, lile mnaloniulizia kila siku kwenye maoni kwa ajili ya kupamba tisheti na watoto likizo hii. Rangi gani na gani zimo, boksi limeandika, sitawamalizia bando. Ugomvi wangu ni na kitu kimoja: hiki kidomo, yaani ncha ya chupa inapotokea rangi.

Sogeza kamera. Unaona tundu lilivyo jembamba? Nageuza chupa, naminya... kimya. Naminya tena, pwaa! Imetema. Hiyo ni hewa iliyonasa kati ya rangi na kidomo. Sasa mpe mtoto wa miaka 5, yule anayeminya kwa ngumi nzima, tisheti nyeupe iwe mbele yake. Mtaelewana?

Dawa yake hii. Funga kifuniko, chupa kichwa chini, igongegonge kiganjani mpaka rangi yote ishuke, kisha anzia kwenye gazeti, siyo kwenye nguo. Kidomo kiguse kitambaa, usikining'inize juu, na mkono utembee. Hapa nasimama makusudi, kidogo tu: tazama, tone. Tone hili ndilo adui. Juu litakauka, ndani bado bichi, na siku tisheti ikivutwa kichwani linapasuka na kubanduka. Kidomo kikiziba, chomeka pini. Mkasi weka mbali! Ukikata tundu limepanuka, na kulirudisha huwezi.

Haya, nimelalamika, lakini rangi yenyewe? Jamani, rangi ni tamu. Nzito, haichuruziki, njano inaonekana njano kweli. Ndiyo maana kwa watoto wadogo nasema achana kabisa na kidomo. Mimina kijiko kimoja kwenye mfuniko wa kopo, chukua bamia nene, ikate kwa upana, gusisha kwenye rangi, punguza kwenye gazeti mara moja, halafu bandika. Ua hilo! Bamia ikishakuwa laini kata kipande kingine kwa nyuma. Kiazi nacho kinafaa, ila ukishachonga kifute maji yake kwa kitambaa, la sivyo rangi inateleza na muhuri unatoka na mabaka.

Ndani ya tisheti weka kadibodi, rangi isipenye mgongoni. Kadibodi tupu hunata, kwa hiyo ivishe kwanza mfuko wa mkate. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya kubebea, tuliagana nayo ilipopigwa marufuku Juni 2019, wa mkate bado upo.

Tisheti iwe pamba, na ifuliwe kwanza bila ile dawa ya kulainisha nguo. Mpya huwa na dawa ya kiwandani inayozuia rangi kushika. Kama umeokota mtumba soko la Karume na lebo imekatwa, mtu mzima achomoe uzi mmoja auchome. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha majivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge kigumu. Na wale wa jezi, Simba na Yanga wote, jezi nyingi ni poliesta. Rangi hii haishiki vizuri pale, na pasi ya moto wa pamba itaiyeyusha.

Pasi ndiyo inayorukwa na wengi, halafu wanakuja kwenye maoni kusema rangi feki. Acha ikauke saa 24. Kwa unyevu wetu huu wa Dar, masika hasa, ongeza siku. Geuza tisheti ndani nje, pasi bila mvuke, dakika 3 hadi 5 ukiitembeza. Umeme umekatika? Pasi ya mkaa inatosha, kung'uta majivu tu. Lakini soma chupa: kuna rangi za aina nyingine zinazokauka zikiwa na nundu. Hizo usipige pasi, zinabonyea. Ziache siku 3, ukifua igeuze.

Mnaouliza kalamu za kitambaa, video yake inakuja wiki ijayo, bonyeza kengele. Kwa kifupi, kwa kuandika jina kalamu inashinda, haitemi. Kwenye tisheti nyeusi haionekani. Hii chupa inaonekana, ila piga nyeupe kwanza, ikauke, ndipo rangi juu.

Bei? Zungukeni Kariakoo kabla ya kuagiza mtandaoni, na mkiambiwa bei ya boksi ulizeni chupa mojamoja. Watoto wawili hawamalizi 12. Nyekundu, njano, bluu na nyeupe zinatosha, nyingine mnachanganya wenyewe kwenye mfuniko. Nyeupe chukueni mbili.