MikroTik hEX RB750Gr3: ruta ya fundi anayependa kuandika amri

Kwa ofisi ndogo ya Dar es Salaam ambayo fundi wake wa mtandao hashindi pale, MikroTik hEX ya toleo la RB750Gr3 ni ruta ninayoipendekeza bila kusita, na sababu kubwa si poti zake 5 za gigabiti wala kumbukumbu yake ya megabaiti 256, bali ni wepesi wa kuiendesha kwa amri za maandishi.

Amri za RouterOS, mfumo wa kampuni hiyo ya Latvia, zimepangwa kwa ngazi. Anayetaka kuipa poti ya pili anwani ataandika /ip address add address=192.168.10.1/24 interface=ether2, na badiliko hilo huanza kazi na kuhifadhiwa papo hapo, tofauti na swichi nyingi za Cisco ambazo humtaka fundi ahifadhi kwa amri nyingine, la sivyo umeme ukikatika kazi imepotea. Kitufe cha Tab humalizia neno lililoanzwa.

Upesi huo una hatari yake. Amri moja ya faiwoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano, ikikosewa huweza kumfungia nje yule yule aliyeiandika, na ikiwa yeye yuko Mbezi na ruta iko Posta, basi foleni ya Barabara ya Morogoro itamfunza adabu. Ndiyo maana naithamini zaidi hali salama: fundi hubonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza, na mawasiliano yakikatika ghafla ruta yenyewe hutengua yote aliyobadilisha, ingawa huenda zikapita dakika 9 hivi kabla haijatambua kwamba ameondoka. Akiridhika, hubonyeza tena vitufe hivyo hivyo ili mabadiliko yabaki. Historia ya mabadiliko ndani ya ruta hubeba matendo 100 tu. Yakizidi, hali salama hujifunga na hakuna kitakachotenguliwa, kwa hiyo ni busara kwenda hatua chache chache.

Waifai haina. Waliozoea kuomba msaada kwa alama ya kuuliza katika toleo la 6 la RouterOS wataudhika kidogo, kwa kuwa toleo la 7 limehamishia kazi hiyo kwenye F1. Kwa upande wa umeme, hupokea volti 8 hadi 30, hivyo betri ya volti 12 inatosha kuiwasha TANESCO wanapokata.

Anayeinunua Kariakoo amwombe muuzaji aiwashe, kisha aandike /system resource print kabla ya kulipa, kwani majibu yake huonyesha jina la kifaa, kumbukumbu na toleo la mfumo, hata kama boksi limeandikwa vingine.