Mwaka mzima na bima ya mafuriko hapa Mororo, duka la hadiwea

Nyota 3 kwa 5. Na kati ya hizo 3 moja ni ya ajenti, sio ya kampuni. Kampuni siitaji kwa jina manake bado niko nao na sitaki maneno, lakini nadhani karatasi zao hazitofautiani sana na za wengine kwa hio yatakusaidia hata kama umekata kwingine.

Kwa msiojua Mororo: ukivuka daraja la Garissa kuja upande wa Tana River, pale pale chini ndio sisi. Barabara ya Nairobi ikitoka kwetu inapita Kona Punda alafu Madogo. Mto ukifura Kona Punda inafunikwa, Madogo wanabaki kwao, sisi na Garissa tunabaki huku, kuvuka ni boti na roho mkononi. Mwezi wa 4 2024 boti ilipinduka pale pale na watu wakafa, kwa hio nkisema roho mkononi sio utani.

Na kitu mgeni haelewi ni kwamba haya maji hayangoji mvua ya hapa. Jua linawaka, vumbi, mbuzi wanagombania kivuli, asubuhi unaamka maji yako mlangoni. Tana inatoka huko Aberdare na Mlima Kenya, inashuka kwa mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga ndio la juu na kubwa, likijaa likaanza kumwaga hayo mengine ni kupitisha tu. Ndio maana mtu wa hapa haangalii mawingu, anauliza Masinga imefika wapi, wakitoa tangazo tunaanza kuhesabu siku.

Sasa bima. 2018 maji yaliingia dukani nkalia peke yangu. Mwezi wa 9 2023 redio zote ni El Niño El Niño, nkasema hapana, mara hii nakata. Ajenti ni kijana wa Garissa, alikuja kwa miguu akavuka daraja, akakaa kwa ndoo ya rangi akajaza fomu na mimi mstari kwa mstari. Ukisikia bima ya mafuriko usidhani kuna karatasi inaitwa hivyo, ni bima ya moto ambayo mafuriko wanakuongezea ndani kama majanga mengine, na usipouliza wanaweza kukuachia ya moto peke yake ukaenda nyumbani umefurahi. Stoki tuliandika laki 6. Malipo 4,800, ukiweka tozo zao na ile shilingi 40 ya stempu ikafika kama 4,862 kwa mwaka. Nlishtuka, nlidhani itakuwa hela nyingi. Chai ya wafanyakazi wangu inazidi hio.

Kuna swali kwa fomu, je mahali hapa pamewahi kufurika. Kijana akaniangalia, nkamuangalia. Akasema boss andika ukweli, hawa ukidanganya hapa watakukumbusha siku mbaya. Nkaandika ndio, 2018. Hapo ndio alipata nyota yake.

Nyumba ya mamangu ilikataliwa lakini. Ni ya udongo, na wao wanataka ukuta wa mawe au tofali. Sasa jiulize kando ya Tana nani ana ukuta wa mawe, wenye duka na serikali. Mama mwenyewe alicheka tu, akasema mwanangu nyumba yangu ikibebwa naijenga tena kwa udongo ule ule mto umeniletea.

Kulikuwa na siku 30 za kungoja kabla mafuriko kuhesabika. Kwa hio wewe unayesubiri tangazo la Masinga ndio ukimbilie ajenti, umechelewa.

Mwezi wa 11 maji yakaja. Nlikuwa nimejaza duka manake nlijua barabara ikikatika simiti itapanda bei, ujanja wangu mwenyewe ndio ulinichoma na nitaeleza. Futi tatu ndani ya duka kwa siku tisa. Simiti mifuko 140 iligeuka mawe, mbao zikajikunja, misumari ikashika kutu kwa makatoni, rangi zikapoteza lebo zote.

Nkapiga picha kila kitu na kupiga simu siku hio hio. Asesa, yule mtu wao wa kukagua hasara, akatumwa kutoka Nairobi, akafika Madogo akaona Kona Punda ni bahari, akanipigia akaniambia mzee mimi sipandi hio boti. Sikumlaumu. Akarudi, akaja tena wiki ya tatu maji yameshuka, na hapo nimekaa na matope na simiti iliyokufa bila kuitupa manake waliniambia nisitupe kitu mpaka aone. Harufu ya ile duka naikumbuka mpaka leo. Nusu nyota nimekata kwa sababu ya harufu.

Alikuwa mtu wa heshima lakini ana macho. Mabati akasema yanaoshwa, hayahesabiki, sawa. Rangi akasema mkebe haujaingia maji kwa hio ni mzima, uza nusu bei. Nkamuuliza nani atanunua mkebe hana lebo, unafungua ndio ujue kama chumba chako ni kijani. Akacheka, akaandika nusu. Hasara tukakubaliana ni 240,000.

Alafu akauliza siku ile maji yanaingia dukani kulikuwa na mali ya pesa ngapi kwa jumla. Mimi kwa kujivuna, na risiti nlikuwa nazo, nkasema laki 9. Akanyamaza akapiga kalkuleta.

Hapa somea polepole. Nlikatia laki 6, mali ilikuwa ya laki 9, maana yake nimelipia theluthi mbili tu, kwa hio kwa kila hasara wao wanabeba theluthi mbili na mimi theluthi moja, hata kama hasara yenyewe haijafika laki 6. 240,000 ikawa 160,000. Bado kuna ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo ni yako mwenyewe, asilimia 10 ya hio 160,000 ama 20,000, inayozidi, ikatolewa 20,000. Nkapata 140,000 mwezi wa pili. Ni halali, imeandikwa, ukurasa wa 7 herufi za mchanga. Ajenti hakunieleza na akakubali kwamba hakunieleza. Lakini pia ile 140,000 ndio ilifungua duka tena, na majirani zangu wawili bila bima mmoja sai anaendesha boda, kwa hio siwezi sema ni wizi.

Shida yangu kubwa na hii bima ni ya 2024. Mwezi wa 4 tukasikia Masinga imejaa, mimi nshakuwa mjanja, nkakodi mikokoteni ya punda nkabeba mali karibu yote mpaka Madogo kwa binamu yangu upande wa juu kabla maji hayajafika. 14,000 ya mikokoteni. Duka likafurika, ndani hamna kitu, nikajiona bingwa. Kule Madogo mvua ikanyesha kweli kweli usiku, turubai ikapasuka, mifuko 60 ya simiti kwisha.

Nkapiga klemu. Hapana. Bima imefungwa kwa ploti ya Mororo, mali ikitoka hapo haijulikani. Na ile 14,000? Hapana pia, hakuna kitu kiliharibika dukani. Yaani ningeacha simiti izame kwa duka wangenilipa, nimeiokoa hawanilipi. Nlimuuliza yule dada wa simu hivyo hivyo, akasema ndio mzee, naelewa. Najua anaelewa, lakini mtu wa Tana mafuriko yakija anahama, sasa bima gani ya mafuriko haihami na mwenyewe?

Si mimi peke yangu. Jirani yangu Muorma alikuwa na bima ya mifugo, ile mpango wa serikali ulianza 2015 Turkana na Wajir baadaye ukafika mpaka kwetu. Hio ilikuwa inapimwa kwa setilaiti inaangalia majani, yakikauka mnalipwa. Nzuri sana kwa ukame. Mafuriko yalipobeba mbuzi zake, setilaiti ilikuwa inaona Tana River yote ni kijani. Alinieleza akicheka lakini hakukuwa na kicheko.

Mwezi wa 9 2024 kukata tena. Malipo wamepandisha mpaka 7,500 na ile sehemu yangu ya hasara sasa ni asilimia 15. Nkataka kuacha, kijana akavuka daraja tena na fomu, nkamwambia safari hii mimi ndio nasoma wewe unasikiliza. Tukaandika stoki laki 9 na nusu. Alafu nkamuuliza kuhusu Madogo. Kumbe unaweza kuongeza eneo la pili! Ni 900 tu! Mwaka wote ule hakuna mtu aliyenitajia. Wanataka chumba cha ukuta kinachofungwa, turubai hapana, na uwapigie simu siku unahamisha mali.

Binamu ameshaweka mlango wa chuma. Kodi ananidai simiti mifuko miwili kwa mwezi.