Uzoefu wangu: kipanuzi cha kaakaa cha binti yangu wa miaka 9

Kilichotupeleka kwa daktari bingwa wa kupanga meno hakikuwa meno ya mbele yaliyopandana, kwani hayo nilidhani yangejipanga yenyewe akikua. Daktari wa meno wa hapa Malindi alimwambia binti yangu afunge mdomo polepole, nasi sote tukaona kidevu kikienda kushoto. Magego ya juu ya upande huo yalikuwa yakishukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje, na mtoto, ili apate kutafuna, alikuwa amezoea kulisukuma taya upande. Tulielezwa kwamba taya likiachwa kukua hivyo, uso nao huweza kwenda upogo.

Huduma tuliipata katika kliniki moja ya Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka kwetu. Nilichokipenda ni kwamba daktari hakukimbilia kumfunga waya. Alimwekea kwanza kipanuzi, yaani chuma kilichogandishwa kwenye magego ya juu, chenye skrubu katikati ya kaakaa, akafafanua kwamba katika umri huo mifupa miwili ya kaakaa bado haijashikana barabara, ilhali mtu mzima mara nyingi huhitaji kupasuliwa.

Kazi iliyobaki ikawa yetu. Kila usiku baada ya Isha alilala chali mapajani mwangu, baba yake akamulika kwa tochi ya simu, nami, nikiwa nimeufunga ufunguo kwa uzi mkononi usije ukaniponyoka ukamwingia kooni, niliuchomeka kwenye tundu la skrubu na kuusukuma kuelekea nyuma mpaka tundu jingine litokeze. Kila mzunguko ni robo ya milimita tu. Hakulia, alisema panabana kwenye mzizi wa pua, na baada ya dakika chache alikuwa amesahau. Wiki ya kwanza samaki alikuwa "thamaki", na ustadhi wa madrasa, tulipomweleza, alimruhusu asikilize tu wenzake wakisoma. Mabuyu na kashata tulivipiga marufuku, na mabaki ya chakula yaliyonasa chini ya chuma tuliyatoa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililojazwa maji.

Mwanya ulipofunguka katikati ya meno ya mbele, nilishtuka nikidhani nimezidisha mizunguko, kumbe ndiyo dalili kwamba kaakaa linatanuka. Bibi yake alifurahi mno, kwani kwetu mwanya ni uzuri, akatusihi tuuache. Haukungoja ruhusa ya mtu. Kipanuzi kiliposimamishwa, ulijifunga wenyewe kidogo kidogo.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza: jambo hilo la mwanya hakuna aliyetutajia, na karatasi ya maelekezo tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, wakati anayezungusha ufunguo katika nyumba nyingi za huku ni mama au bibi. La pili ni zito zaidi. Siku moja tuliondoka alfajiri, tukafika kliniki tukiwa na miadi mkononi, tukaambiwa daktari hayupo, turudi Alhamisi. Nauli ya watu wawili, siku ya shule na siku yangu ya kazi zilipotea hivyo hivyo, na hata pole hatukupewa.

Baada ya mizunguko 24 chuma kiliachwa mdomoni miezi 6 ili mfupa mpya ukomae, kisha kikatolewa. Sasa akifunga mdomo kidevu kinabaki katikati, na magego yanakutana inavyopaswa. Meno ya mbele yamepata nafasi kiasi, ingawa moja bado limekaa mshazari, na daktari alisema wazi kwamba suala la waya litaamuliwa chonge za juu zikishaota, pengine akiwa na miaka 11 au 12. Kwa utaalamu wa daktari naridhika kabisa, na mtoto wangu wa pili nitampeleka kwake. Miadi ijayo ni Novemba; safari hii tutapiga simu kabla ya kupanda matatu.