Mche wa fikasi au seti ya bonsai: hela yako ianzie wapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani hapa nina vitu viwili. Kushoto ni mche wa fikasi, ile ya majani madogo yanayong'aa mnayoiona kwenye mageti na mbele ya maofisi. Nimeuchukua kitaluni hapa hapa Tabora kwa shilingi 6,000. Kulia ni seti ya vifaa vya bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo kwenye chungu, kwa wanaoanza, imepanda basi kutoka Dar, na bei yake ni zaidi ya mara kumi ya mche. Mwenye haraka achukue jibu aondoke: nunua mche, seti isubiri.

Ila mche wenyewe uchague vizuri. Muuza miche atakupa mrefu ulionyooka, maana anajua unataka kivuli. Mwambie akupeleke nyuma, kwenye ile iliyodumaa, iliyopinda, iliyokatwa kichwa ikachipua pembeni. Haya, sogea na kamera. Naondoa udongo wa juu kwa kijiti cha mshikaki, taratibu. Mnaona shina linavyotanuka huku chini? Na mizizi hii, mmoja huku, mwingine huku, wa tatu kwa nyuma, unene wa penseli, imeshika udongo kama kucha za kuku. Hicho ndicho ninacholipia. Matawi yataota tu, lakini shina lililokaa hivi ni kazi ya miaka.

Sasa seti. Mkasi wake ni mzuri kwa vijitawi vyembamba. Ukifika unene wa kidole unatafuna tu. Mkasi wa kupogolea kutoka duka la pembejeo unamaliza kazi zote mbili. Kireki na kibrashi ni mapambo. Halafu kuna hizi mbegu za mapo ya Kijapani, ule mti wa nchi za baridi unaoitwa maple kwa Kiingereza, na msonobari. Jamani! Mbegu ya mapo hiyo inataka ikae kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa ndipo iote, na mti wenyewe kila mwaka unahitaji majira ya baridi upumzike. Hapa Tabora baridi hiyo tutaitoa wapi? Ukitaka kuanza na mbegu, chukua za ukwaju ulioula, loweka usiku mmoja, panda. Mkwaju una vijani vidogo vyenyewe kwa asili, na ukiwa kwenye chungu bado unaonekana mti mkubwa. Mwembe, pamoja na kuupenda kwetu wote, majani yake ni mapana mno kwa kazi hii.

Kitu kimoja ndani ya seti nakipa alama zote: waya wa aluminiamu. Ni laini, haushiki kutu, unaupinda kwa vidole. Ukiukosa, mwombe fundi umeme vipande vya waya wa shaba vinavyobaki. Ule ulioandikwa 2.5 ni milimita za mraba, kwa hiyo unene wake haufiki hata milimita 2. Menya plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha laza shaba kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe: inalainika kabisa. Ukishaipinda inakaza tena, kwa hiyo siku ya kuitoa usiizungushe kinyume ukavunja tawi. Ikate vipande vipande kwa plaizi. Waya wa kufungia nondo achana nao, unashika kutu.

Waya uwe karibu theluthi ya unene wa tawi, uzungushwe kwa mshazari, nyuzi 45 hivi. Masika fikasi inanenepa haraka, kagua kila wiki. Ukiona waya unaanza kuzama kwenye ganda, kata siku hiyo hiyo, kovu lake halitoki upesi.

Kwenye kupogoa, fikasi hii ina tabia yake. Ukikata tawi likabaki bila jani hata moja, mara nyingi linakauka lote. Bakiza majani mawili matatu, litachipua kwa nyuma. Utomvu mweupe ukitoka, pulizia maji, na usijipanguse machoni.

Chungu kifupi cha bonsai? Bado. Mche uache kwenye kiriba au ndoo mpaka mvua zishike, Novemba au Desemba, usiuhamishe kwenye jua la Oktoba. Udongo wake ni tofali la kuchoma lililopondwa, ukachekecha vumbi lote likatoka, ukachanganya na mchanga mnene na samadi iliyooza kidogo. Matundu ya chini yazibe kwa kipande cha wavu wa dirishani ili maji yapite na udongo ubaki. Mizizi usikate zaidi ya theluthi, na mti uufunge kwenye chungu kwa waya usitikisike.

Baada ya kuhamishwa itapukutisha majani, pengine mengi, na hapo ndipo watu wengi wanautupa. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani chini yake, weka kivulini na umwagilie udongo wa juu unapoanza kukauka.