Pirates Choice ya Orchestra Baobab: nilisubiri chemko, halikuja

Nimekulia kwenye muziki wa dansi, wa Juwata na Mlimani Park, kwa hiyo masikio yangu yana mazoea yao: mwimbaji anamaliza kisa chake taratibu, kisha magitaa yanachemka na watu wanaacha viti. Nilipoiweka albamu hii ya Wasenegali kwa mara ya kwanza, nikakaa kusubiri chemko. Utrus Horas, wimbo wa kwanza, unazidi dakika 8. Ukapita dakika ya tano, ya saba, mwendo ni uleule. Nikaona wananichelewesha.

Usiku wa tatu ndipo solo la Barthélemy Attisso liliponikamata. Huyu alikuwa Mtogo aliyekwenda Dakar kusomea sheria, akajifundisha gitaa ili ajilipie masomo, na baadaye akawa wakili Lomé. Hana haraka. Anaupiga uzi, anauacha ulie mpaka karibu unyamaze, ndipo anaongeza neno jingine, na saksafoni ya Issa Cissokho inamjibu kama mtu aliyekuwa akisikiliza muda wote. Sasa nikiusikia wimbo huo naacha ninachofanya.

Chini kuna Kuba tupu, tumba na mwendo wa son, muziki wa dansi wa Kikuba, iliyofika Dakar kwa santuri kama ilivyofika kwetu. Juu yake kuna Kiwolof, na katika Utrus Horas kuna Krioli ya Kireno ya kule Casamance, kusini mwa Senegal, kwa sauti ya Rudy Gomis. Lugha zote hizo sizijui, lakini majonzi yake nayapata. Mama yangu alipita sebuleni akauliza, "Hii ni bendi gani ya zamani ya kwetu?"

Walirekodi mwaka 1982, wakati mbalax, muziki wa ngoma za Kisenegali wa kina Youssou N'Dour, ilikuwa inawachukua vijana wa Dakar, na bendi iliyoanza mwaka 1970 katika Klabu ya Baobab ikavunjika kabla miaka ya themanini haijaisha. Walirudi mwaka 2001.

Ukinunua, tafuta toleo la mwaka huo lenye diski mbili. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea la nyimbo sita tu, ikanibidi nilipe mara ya pili. Diski ya pili haifikii ya kwanza, ila sijutii. Anayetaka mdundo wa kutoka jasho hapa hatakipata anachokitafuta. Mimi naiweka saa tatu usiku, taa moja, sauti ya wastani.