Peugeot 504 au Toyota 110? Inua Kapeti Kwanza

Mwezi wa Aprili tulikuwa tunatoka Nakuru kurudi Kisumu, mvua ikatukuta Ahero. Mwanangu aliyekaa nyuma akaniambia, "Mama, soksi zangu zimelowa." Nikadhani amemwaga chai. Kufika nyumbani, nikainua kapeti la ile Toyota 110 niliyokuwa nayo kwa wiki tatu tu, inang'aa kama sahani mpya, nikakuta gazeti. Limebandikwa kwa lami juu ya tundu la kupitisha ngumi, kisha likapakwa rangi nyeusi. Matokeo ya mpira yalikuwa bado yanasomeka.

Ndiyo maana habari za injini na mafuta nawaachia mafundi. Mimi naongea kutu ya sakafu.

Magari haya hayana chasisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Mihimili iliyo chini ya milango ikiliwa, gari zima linalegea, milango inakataa kufunga, na ukiweka jeki inazama ndani ya bati.

Ukitafuta gari kuukuu la kununua, nambari moja kwangu ni Peugeot 504, na sifichi kwamba naipenda. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, na steshenwagoni yake ya safu tatu za viti ndiyo iliyotupeleka ushago tukiwa watoto. Kutu inaipata, tena sana, hasa kwenye mihimili hiyo na juu ya magurudumu ya nyuma. Lakini wazee wa jua kali wanaijua. Wanakata kipande kibovu, wanachomelea bati jipya, unaendelea na safari. Shida ni spea: taa moja unaweza kuitafuta mwezi mzima.

Ya pili ni 110. Spea utapata hata Luanda, kule Vihiga. Ila sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, na saluni hii Japani iliacha kuitengeneza mwaka 2000. Kwa hivyo yoyote unayoonyeshwa leo imenyeshewa hapa hapa kwetu zaidi ya miaka 15, hata ikipakwa rangi jana.

Nissan kuukuu za bei ya chini? Zikague vivyo hivyo.

Beba sumaku ndani ya soksi, uipitishe chini ya milango. Isiposhika, hapo ni filla, ule udongo wa kuziba matundu kabla ya rangi, si bati. Inua kapeti upande wa dereva na wa nyuma, ubonyeze kwa kidole gumba. Toa spea tairi kwenye buti uone kama maji yametuama. Lami mbichi chini ya gari ikutie wasiwasi.

Aliyeniuzia nilimpigia simu. "Mama, si ulitesti gari?" akakata. Kuchomelea sakafu kulinikalisha wiki mbili bila gari, na pesa zangu juu. Na hawa mabroka, rangi ya siku mbili tu inawatosha kupandisha bei! Ukiomba kuinua kapeti, uambiwe utaharibu gari la watu, chukua mkoba wako uende.